Kugeuza Trela na Kontena Kuukuu kuwa Makazi: Faida Hupatikana kabla ya Chuma Kukatwa

Katika viwanja vya vyama vingi vya ushirika, nyuma ya ghala au kando ya ofisi, si ajabu kuona trela kuukuu lililopandishwa juu ya mawe. Magurudumu yake yamekwisha kung'olewa, majani yameota katikati ya mihimili, na kuku hupata kivuli chini yake. Pengine jirani yake ni kontena la chuma lililoletwa zamani na shehena ya pembejeo, nalo halifunguliwi ila kwa nadra. Katika daftari la mali za chama vitu hivyo vina thamani. Uwanjani havina kazi.

Wakati huohuo chama hichohicho humlaza mlinzi wake chini ya mwembe wakati wa msimu, na karani wa mizani hutembea mwendo mrefu kila siku kwa sababu hana pa kulala kituoni. Makandarasi wa barabara nao hutafuta vyumba vya mafundi wao, na zahanati za mbali hutafuta makazi ya watumishi. Ndiyo maana fikira ya kugeuza masanduku hayo ya chuma kuwa makazi, kwanza kwa matumizi ya chama na baadaye kwa kuuza au kukodisha, inastahili kuzungumzwa katika mikutano ya bodi.

Shughuli za pembeni si jambo geni katika ushirika. Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kilifikia kuwa na hoteli yake mjini Moshi. Lakini wahenga walikwisha sema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Chama cha mazao kipo kwa ajili ya mazao, na karakana yoyote kitakayoianzisha hapana budi iisaidie kazi hiyo, wala isiinyonye. Katika biashara hii ya makazi ya chuma jambo kuu la kushika ni moja: faida hupatikana, au hupotea, kabla ya chuma kukatwa. Hupatikana katika kuchagua sanduku, katika kupatana na mteja, na katika kuandika gharama zote. Chama kinachoanza kwa kukata na kumalizia kwa kuhesabu hugundua hasara wakati ambapo haiwezi tena kurekebishwa.

ASILI YA SANDUKU LA CHUMA

Trela na kontena ni ndugu wa damu. Kontena la kisasa lilitokana na fikira ya mwenye malori wa Marekani aliyeitwa Malcom McLean. Yeye aliona kwamba kupakua mzigo wa lori kipande kwa kipande na kuupanga upya melini ni kupoteza muda na fedha. Afadhali sanduku zima la trela litenganishwe na magurudumu na kupakiwa kama lilivyo. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal-X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya namna hiyo. Tangu hapo vipimo vililinganishwa duniani kote, na leo kontena la Dar es Salaam hukaa sawasawa juu ya trela la Mombasa au reli ya Ulaya.

Hata hivyo ndugu hawa hawabebi mzigo kwa namna moja, na fundi asiyejua tofauti hiyo ataharibu vyote viwili. Nguvu ya trela imo chini, katika mihimili miwili mirefu inayopita toka mbele hadi nyuma. Kuta zake mara nyingi ni kifuniko tu. Nguvu ya kontena imo katika nguzo 4 za pembeni na mihimili inayoziunganisha juu na chini; tena kuta zake za bati lenye mikunjo, ingawa unene wake hauzidi milimita 2 hivi, husaidia kulizuia lisipinde. Kwa sababu hiyo kukata dirisha katika ukuta wa trela ni jambo jepesi kuliko kukata dirisha katika ukuta wa kontena, na kukata mhimili wa chini wa trela ni kuliua trela lenyewe.

KUCHAGUA SANDUKU

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 kwa nje, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Ndani hubaki nafasi ya mita 5.9 kwa mita 2.35, yaani eneo la mita za mraba zipatazo 14. Kontena la futi 40 hutoa eneo linalokaribia mita za mraba 28. Yapo pia makontena marefu zaidi kwenda juu, yenye kimo cha mita 2.90 kwa nje. Haya ndiyo yafaayo zaidi kwa makazi, kwa maana baada ya kuwekwa dari na sakafu mpya mtu mrefu bado husimama bila kuinama. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani 2, nalo halisogezwi kwa mikono ya wanachama. Gharama ya kreni au lori lenye mkono wa kupakulia hapana budi ihesabiwe tangu mwanzo.

Kabla ya kununua, mafundi walikague sanduku kwa utaratibu ufuatao:

(a) Mmoja aingie ndani mchana, milango ifungwe, na mwenziwe abaki nje ili kumfungulia. Palipo na tundu, mwanga wa jua utaonekana kama nyota.

(b) Milango ifunguliwe na kufungwa. Ikigoma au ikikwaruza, huenda sanduku limepinda, na sanduku lililopinda halitakubali dirisha wala mlango mpya kukaa sawa.

(c) Mihimili ya chini igongwe kwa nyundo. Kutu ya juujuu hukwanguliwa. Lakini kutu iliyokula hadi chuma kikabonyea ni sababu ya kuliacha sanduku hilo hata likiuzwa kwa bei ya chini.

(d) Kibao cha chuma kilichopigiliwa mlangoni kisomwe. Kibao hicho hutakiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Makontena wa mwaka 1972, nacho huonyesha tarehe ya kutengenezwa na uzito unaoruhusiwa. Mara nyingi hapo huandikwa pia dawa iliyotiwa katika mbao za sakafu.

Neno hili la dawa lisipuuzwe. Sakafu ya kontena ni ya plaiwudi nene, nayo kwa kawaida hutiwa sumu ya kuua wadudu ili mchwa na dumuzi wasisafirishwe toka nchi hata nchi. Tena hakuna ajuaye kila shehena iliyowahi kumwagika juu yake. Sakafu iliyofaa kubeba magunia haifai kutambaliwa na mtoto. Njia salama ni kuing'oa na kuweka mpya. Na kama fedha haziruhusu, isafishwe, ikauke kabisa, kisha ifunikwe kwa rangi nzito isiyopitisha hewa na juu yake iwekwe sakafu nyingine. Plaiwudi iliyong'olewa isigeuzwe kuni za kupikia, kwa sababu moshi wake ni sumu.

KUKATA NA KUTIA NGUVU

Kila tundu linalokatwa katika ukuta wa kontena ni nguvu iliyoondolewa, nayo hapana budi irudishwe. Fundi huchora kwanza mahali pa mlango na madirisha, hutengeneza fremu za bomba la mraba, kisha hukata na kuchomelea fremu hiyo pande zote bila kuchelewa. Tundu moja likamilike kabla ya jingine kuanzwa. Chama kinachotaka kuondoa ukuta mzima ili kuunganisha makontena mawili kimwite kwanza mtaalamu wa majengo apime mihimili itakayohitajika.

Sanduku likalishwe juu ya nguzo za zege, moja chini ya kila pembe, zikiwa zimesawazishwa kwa pimamaji. Zege liinuke juu ya ardhi kiasi cha kuruhusu hewa na fagio kupita chini, ili unyevu usile mihimili na nyoka asipate maficho. Kontena lisizikwe ardhini wala lisirundikiwe udongo ubavuni. Kuta zake hazikutengenezwa kuhimili msukumo wa namna hiyo, na zaweza kubonyea ndani.

Mafundi nao walindwe. Rangi na mabomba yenye zinki yakichomelewa hutoa moshi unaoleta homa, baridi na maumivu ya mwili jioni ile ile, na rangi za zamani zaweza kuwa na risasi. Rangi ikwanguliwe mahali pa kukatwa na kuchomelewa, kazi ifanyike palipo wazi penye upepo, na kila fundi awe na miwani, glavu na kinga ya pumzi. Vifaa hivi si anasa. Viandikwe katika gharama kama yanavyoandikwa mafuta ya trekta.

JOTO, UNYEVU NA HEWA

Mtu anayeuza sanduku la chuma bila kulitengeneza dhidi ya joto anauza tanuri. Bati likipigwa na jua la adhuhuri Dodoma au Shinyanga, joto lake hupita ndani mara moja, na jioni chumba huwa hakilaliki. Dawa ya kwanza, tena ya bei nafuu, ni paa la pili: mabati ya kawaida juu ya kenchi nyepesi, yakiachwa wazi pembeni ili hewa ipite kati ya paa na kontena, na yakizidi kuta kwa kiasi cha kuzitia kivuli. Dawa ya pili ni kulielekeza sanduku: upande mfupi utazame mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ukuta mrefu. Dawa ya tatu ni madirisha mawili yanayotazamana, na matundu ya juu karibu na dari yatakayotoa hewa ya moto, yote yakiwa na wavu wa mbu.

Baada ya hayo ndipo hutiwa kizuia joto katikati ya bati na plaiwudi ya ndani. Sufi ya madini hutumika vizuri kwa sababu haishiki moto upesi. Povu gumu huzuia joto vizuri sana, lakini likiungua hutoa moshi wa sumu, hivyo lisiachwe wazi kamwe. Maranda ya mbao, ingawa hupatikana bure, yasitumike. Huita mchwa na kuupa moto chakula.

Katika nyanda za baridi, kama Njombe na Makete, tatizo hugeuka. Usiku pumzi za walalao hugusa chuma baridi na kugeuka matone ya maji, na baada ya msimu mmoja nguo huota ukungu na kutu huanza kwa ndani. Huko kizuia joto kisiache mwanya kati yake na bati, nayo matundu ya hewa yasizibwe kwa kuogopa baridi.

USALAMA WA ATAKAYELALA NDANI

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na utengenezaji wa toroli au majembe. Toroli baya humchosha mtu. Makazi mabaya huua. Mambo manne yasipatanwe na mteja yeyote, hata akiomba bei ipunguzwe.

La kwanza ni mlango. Milango ya asili ya kontena hufungwa kwa nje tu, kwa vyuma virefu na makomeo. Mtu aweza kufungiwa ndani kwa mzaha, kwa uhalifu au kwa bahati mbaya, asisikike. Makazi hapana budi yawe na mlango wa kawaida unaofunguka kwa ndani bila ufunguo, na angalau dirisha moja linaloweza kupitisha mtu mzima, lisilokuwa na nondo zilizochomelewa moja kwa moja. Milango ya asili ikibaki, makomeo yake yaondolewe au yafungwe wazi kwa kuchomelewa.

La pili ni jiko. Nyumba ya udongo na makuti huvuja hewa kila mahali, na kwa hiyo wengi wamezoea kuingiza jiko la mkaa ndani wakati wa baridi. Sanduku la chuma halivuji. Mkaa unaowaka ndani yake hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua walalao bila kuwaamsha. Jiko liwe nje, chini ya kibanda chake, na onyo liandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa.

La tatu ni umeme. Waya mmoja uliochubuka huweza kulifanya sanduku zima, toka ukuta hadi kitasa, kuwa na umeme. Hapana budi pawe na waya wa ardhi uliofungwa katika chuma cha sanduku na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, si na kijana aliyejifunza kwa kutazama.

La nne ni moto wakati wa kazi yenyewe. Kuchomelea kumalizike kabla ya sufi, plaiwudi na godoro kuingizwa. Kama kuna kasoro itakayohitaji kuchomelewa baadaye, mbao za sehemu ile zing'olewe kwanza, hata kama kufanya hivyo kutachelewesha kazi kwa siku nzima.

TRELA LINALOENDELEA KUTEMBEA

Trela lililobaki na magurudumu yake lina faida ambayo kontena halina: huenda na mwenyewe. Kambi ya barabara huhama, na wauguzi wa kliniki za vijijini huhama; kwao chumba chenye magurudumu ni bora kuliko nyumba. Trela la zamani la friji hufaa hasa, kwani kuta zake tayari zimejazwa kizuia joto. Lakini hufungika barabara mno, hivyo matundu ya hewa ni ya lazima.

Kazi hii ina masharti yake. Vitu vizito vikae chini na visawazishwe kushoto na kulia. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani nzima. Likiwekwa juu au upande mmoja, trela litapinduka katika kona. Breki, springi, taa na matairi vikaguliwe kama vya trela la mzigo. Mtu yeyote asisafiri ndani wakati trela linavutwa. Likifika, lisimame juu ya miguu ya chuma pembe zote, maana springi huliachia liyumbe kila mtu anapotembea. Kadi ya usajili nayo ifuatiliwe: trela husajiliwa kwa namba yake lenyewe, na badiliko la umbo au la mwenye mali hutakiwa kufikishwa kwa mamlaka zinazohusika kabla halijaingia barabarani.

HESABU ZA KAZI MOJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yafaa ibandikwe juu ya mlango wa karakana. Tuchukue mfano wa kontena moja la futi 20 linalogeuzwa chumba na ofisi ndogo. Tarakimu zifuatazo si bei za soko. Zimewekwa ili kuonyesha njia ya kuhesabu tu, na kila chama kitaweka bei za mahali pake.

Kununua kontena: shilingi 6,000,000
Kulileta na kulishusha: shilingi 1,200,000
Vyuma, mlango na madirisha: shilingi 1,400,000
Mbao, plaiwudi, dari na kizuia joto: shilingi 1,500,000
Rangi, gesi, diski na vijiti vya kuchomelea: shilingi 700,000
Umeme: shilingi 500,000
Ujira wa mafundi 3 kwa siku 20, kila mmoja shilingi 25,000 kwa siku: shilingi 1,500,000
Jumla: shilingi 12,800,000

Bodi inaona jumla hiyo, inaliuza sanduku kwa shilingi 14,500,000, na inatangaza mkutanoni faida ya shilingi 1,700,000. Wanachama wanapiga makofi. Lakini yako mambo ambayo hayakuandikwa, nayo ndiyo haya:

Uchakavu wa mashine: shilingi 200,000
Dizeli na umeme wa karakana: shilingi 250,000
Ulinzi wa vifaa usiku: shilingi 150,000
Muda wa karani na meneja: shilingi 200,000
Kulipeleka kwa mteja na kulikalisha: shilingi 900,000
Kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi: shilingi 300,000
Jumla: shilingi 2,000,000

Gharama halisi ni shilingi 14,800,000. Chama hakikupata faida ya shilingi 1,700,000. Kilipata hasara ya shilingi 300,000. Na hasara hiyo haikuonekana kwa sababu ililipwa na mfuko mwingine: dizeli ilitoka katika tangi la lori la mazao, na mshahara wa karani ulilipwa kwa ushuru wa kilo za wakulima. Yaani mkulima wa pamba au korosho amemchangia mteja nyumba bila kuulizwa. Masanduku 10 ya namna hiyo ni shilingi 3,000,000, na bandu bandu huisha gogo.

Kinga yake ni nyepesi. Kila sanduku lifunguliwe kadi yake ya kazi. Kontena tayari lina namba yake, herufi 4 na tarakimu 7, iliyoandikwa ubavuni. Namba hiyo ndiyo iwe namba ya kadi. Kila msumari, kila lita na kila siku ya fundi iandikwe humo siku ileile. Karakana iwe na daftari lake la fedha na, ikiwezekana, akaunti yake benki. Kitu kinachoazimwa toka idara ya mazao kiandikwe kuwa kimekodishwa, kwa bei.

Mapatano na mteja yawe ya maandishi, yakiambatana na mchoro unaoonyesha vipimo, mahali pa madirisha, aina ya sakafu na rangi. Malipo yawe kwa awamu. Awamu ya kwanza itoshe kununua sanduku na kulileta. Ya pili ilipwe fremu zikiisha kuchomelewa. Ya mwisho ilipwe kabla sanduku halijapandishwa juu ya lori la kuondoka. Mteja akibadili fikira katikati ya kazi, badiliko liandikwe na kutiwa bei, naye atie sahihi. Mwiko mkubwa ni kutumia fedha za mteja wa pili kumalizia kazi ya mteja wa kwanza. Karakana inayofanya hivyo tayari imekufa, ila matanga tu ndiyo hayajatangazwa.

SHERIA NA MKUTANO MKUU

Chama cha ushirika hakifanyi biashara kwa sababu tu bodi imeipenda. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inavitaka vyama kufuata masharti yao yaliyosajiliwa. Kama masharti hayaitaji shughuli ya karakana, mkutano mkuu uyarekebishe, na marekebisho hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Mrajis. Kama mtaji ni wa mkopo, usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa. Kadhalika trela kuukuu lililo uwanjani ni mali ya wanachama wote. Lisikatwe wala kuuzwa mpaka liandikwe thamani yake na uamuzi uingie katika kumbukumbu za mkutano.

Kwa upande wa sanduku, kontena huingia nchini likiwa chombo cha kubebea mizigo, si bidhaa. Likibaki na kuuzwa, ushuru wa forodha hutakiwa kulipwa. Mnunuzi adai hati za malipo hayo pamoja na risiti, asije akajikuta ameweka mlinzi wake ndani ya mali inayotafutwa. Mwisho, sanduku linalokalishwa mahali kuwa makazi au duka hutakiwa kuwa na kibali cha halmashauri na kiwanja kinachoruhusu matumizi hayo, pamoja na choo. Kibali hicho ni jukumu la mteja, lakini chama kimkumbushe kwa maandishi.

PA KUANZIA

Chama kinachoona kwamba kina mafundi, nafasi na umeme, kisianze kwa kutafuta wateja. Kianze kwa sanduku moja, kwa matumizi yake chenyewe: chumba cha mlinzi wa ghala au cha karani wa mizani. Vijana watakaofanya kazi hiyo wapelekwe kwanza VETA kujifunza kuchomelea na useremala, na SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, liombwe ushauri wa vifaa na wa soko. Kazi ifanyike baada ya msimu, wakati lori na watumishi hawana pilikapilika za ununuzi.

Sanduku hilo la kwanza likaliwe mwaka mzima, masika na kiangazi. Mlinzi aulizwe kama hulala, kama mvua huvuja, kama chuma hutoa jasho alfajiri. Kadi ya kazi isomwe mbele ya mkutano mkuu, gharama zake zote, zilizoonekana na zilizojificha. Ndipo wanachama, ambao fedha ni zao, waulizwe swali moja: je, kwa bei hii na kwa ubora huu, yuko mtu atakayenunua la pili? Wakijibu ndiyo kwa kutazama hesabu, karakana ifunguliwe. Wakijibu hapana, chama kitakuwa kimepoteza kidogo na kupata chumba kizuri cha mlinzi, na mwembe utabaki kuwa kivuli cha mikutano.